Logo ibaki au ibanduliwe?

*Gari likishuka bandarini, mwenye nalo huwaza bima, tairi na fundi wa kumwamini. Mwandishi wetu amekaa wiki nzima na swali dogo kuliko hayo, lililogawa nyumba moja ya Tabata: yale maandishi ya nyuma ya gari yana kazi gani?*

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, uani kwa dada yangu, fundi alichomeka drai ya saluni kwenye ekstensheni, akaielekeza kwenye buti la gari. Mkono wa pili alikuwa ameshika kipande cha mshipi wa kuvulia samaki. Kando yake, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kulikuwa na chupa ya spiriti na kitambaa laini.

Gari lilikuwa limetoka bandarini Alhamisi. Harrier nyeusi, skrini bado inaongea Kijapani, redio haishiki stesheni yoyote iliyo juu ya 90 kwa kuwa iliundwa kwa masafa ya kwao, yanayoanzia 76.

“Toa yote,” dada alisema. “Toyota, Harrier, kila kitu. Nataka liwe tupu.”

Shemeji alitua kikombe cha chai. Gari la mamilioni yote yale, alilalamika, halafu litembee bila jina kama mkokoteni? Dada akamkumbusha IST yao ya zamani, iliyolala nje usiku mmoja tu wa msiba ikaamka haina logo, haina vioo vya pembeni.

Fundi hakutaka kuingilia ndoa ya watu. Alisema tu, “Bosi, semeni moja, maana gundi ikishalainika hairudi.” Lakini mkono wake ulikuwa umeshatangulia. Herufi ya mwisho, R, ilikuwa tayari kiganjani mwake.

Drai ilizimwa. Gari likaanza maisha yake ya Dar es Salaam likiitwa HARRIE.

Jumatatu nilisimulia kisa hiki kwenye kikao cha habari nikitegemea kicheko. Mhariri hakucheka. Alinipa wiki moja.

Upya wa gari, upya wa swali

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Kwa wengi wetu, gari jipya si lile linalonukia plastiki ya kiwandani. Ni lile lililoshuka melini juzi, hata kama lina miaka kumi ya barabara za Osaka. Upya wake tunausoma kwenye kibao cha namba: hili namba D, lile namba E.

Swali la logo ni la siku hizo za mwanzo, na lina sababu ya kifundi. Logo nyingi za nyuma hazikufungwa kwa skrubu. Zimebandikwa kwa utepe wa sponji wenye gundi pande mbili. Joto huilainisha gundi, mshipi hupitishwa nyuma ya herufi na kusukumwa huku na huku kama msumeno, herufi inaachia. Mabaki hufutwa kwa spiriti, kisha polishi. Bisibisi haina nafasi hapo. Anayeanza na bisibisi huishia kwa mpaka rangi.

Tatizo ni jua. Rangi ya gari huchakaa kwa mwanga, lakini ile iliyofunikwa na herufi hubaki kama ilivyotoka kiwandani. Ukibandua baada ya miaka mingi unakuta jina limeandikwa upya kwa kivuli, na hakuna mshipi wa kukitoa. IST ya dada iliibiwa logo, lakini kivuli cha logo ilikwenda nacho hadi siku ilipouzwa.

> Ukichelewa kubandua, jua linakuwa limeshaliandika jina lako kwenye bati.

Kwa hiyo anayetaka kubandua hana muda mrefu wa kufikiri. Kwa gari lililokwisha pigwa na jua la Japani miaka kumi, fundi mzuri hubandua herufi moja kwanza, pembeni, aone chini yake kukoje. Ndivyo alivyofanya yule wa Tabata. Chini ya R rangi ilikuwa sawa na jirani zake.

Wajerumani huagiza hivyo kiwandani

Anayedhani wazo la dada ni la ajabu aangalie orodha za kuagizia magari ya Ujerumani. Mnunuzi wa BMW amekuwa akiweza kuomba gari lije bila namba ya modeli kwenye buti, na ombi hilo lina msimbo wake kiwandani: 320. Mercedes-Benz nao wana wa kwao, 260. Mtu analipia injini kubwa, kisha anaomba jirani asijue.

Yupo pia anayefanya hivyo kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Amenunua injini ndogo kuliko zote, na buti likiwa tupu hakuna wa kumhesabia. Buti moja tupu huficha utajiri wa huyu na ufinyu wa yule.

Namba zenyewe ziliacha kusema kweli zamani. Enzi za nyuma, Mercedes 300 E ilikuwa na injini ya lita 3, na hesabu ikaishia hapo. Lakini BMW 328i ya kizazi kilichoanza 2011 ilikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo. Mercedes C 63 AMG ya kwanza ilikuwa na lita 6.2. Mwaka 2017 Audi walitangaza namba mpya, 30, 35, 40 na kuendelea, zisizotaja ukubwa wa injini hata kidogo. Zilikuwa madaraja ya nguvu.

Historia ya wizi wa logo nayo ni ndefu. Mwaka 1987 kundi la muziki la Marekani, Beastie Boys, lilivuma Uingereza, na mmoja wao, Mike D, alikuwa akivaa shingoni logo ya Volkswagen kama mkufu. Vijana wakaanza kuzing'oa kwenye magari ya watu, mpaka kampuni ikalazimika kuwapa wateja wake logo mbadala.

Hapa kwetu hakuna anayeiba logo kwa ajili ya mkufu. Inaibwa kwa sababu kuna gari jingine lililoibiwa ya kwake, na mwenye nalo anatafuta ya bei nafuu. Ndiyo maana Dar es Salaam tunachonga namba za gari kwenye vioo na taa. Logo haichongeki.

Majina ya kiwanda, majina ya mtaa

Hoja ya shemeji ni kwamba bila jina gari halina hadhi. Tuipime kwa gari lenyewe.

Harrier ni jina la ndege wa jamii ya mwewe, na ndege huyo ndiye aliyekaa kwenye show ya mbele ya gari la dada, mahali ambapo mtu angetazamia duara tatu za Toyota. Duara hizo nazo si za kale kiasi hicho. Zilianza kutumika Oktoba 1989. Hata neno Toyota limebadilishwa. Familia iliyoanzisha kampuni ni Toyoda, na mwaka 1936, baada ya shindano la kubuni nembo, ikachaguliwa “Toyota”, kwa kuwa ikiandikwa kwa Kijapani huhitaji mikwaruzo minane ya kalamu, na nane kwao ni namba ya heri.

Harrier ya kwanza ilitoka Japani 1997. Nje ya Japani gari hilohilo liliuzwa kwa jina la Lexus RX. Lexus yenyewe haikufungua duka Japani hadi 2005. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kununua herufi L na kuipachika kwenye Harrier. Kwa matoleo mawili ya mwanzo, aliyepachika hakusema uongo mkubwa. Lakini toleo la tatu, lililozinduliwa mwishoni mwa 2013, ambalo ndilo la dada, liliachana na Lexus likaenda njia yake. Kulipachika L hilo ni kulivika kilemba cha ukoka.

Na mtaa je? Mtaa haujawahi kusubiri kiwanda. Harrier ya toleo la pili, kwa umbo la nyuma yake, ikaitwa Tako la Nyani, na jina hilo hutajwa bila aibu hata kwenye matangazo ya kuuzia magari. Toleo la tatu likapewa Anaconda. Land Cruiser za wakubwa tuliziita mashangingi, ile ya kazi yenye bomba la hewa ubavuni ikawa mkonga.

Wakati mwingine mtaa unakula jina la kampuni na kusahau kampuni. Pikipiki ya magurudumu matatu ni bajaji, ingawa kampuni ya Bajaj ya India ni mmoja tu wa watengenezaji. Dereva mwenye TVS ubavuni naye huitwa wa bajaji, na huitika. Lori la kati ni fuso. Ukibandua herufi zote za Fuso hutapata lori lisilo na jina. Utapata fuso isiyo na herufi.

> Kiwanda huandika jina kwenye bati. Mtaa huliandika kwenye kinywa.

Jina lililo chini ya boneti

Ukienda maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua kipuri, muuzaji makini hatazami buti. Atauliza namba ya chasisi, au atakuambia ufungue boneti upige picha kibati.

Kibati hicho kidogo ndicho chenye jina la gari. Kina modeli, injini, msimbo wa rangi na gia. Chukua IST. Kwa nyuma zote zimeandikwa IST, lakini chasisi ikianza na NCP60 injini ni ya cc 1,300, ikianza na NCP61 ni ya cc 1,500. Atakayenunua kipuri cha injini kwa kusoma buti atarudi dukani jioni.

Mtoza ushuru naye hana habari na buti. Ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria Tanzania hufuata ukubwa wa injini: hadi cc 1,000 haulipwi, kutoka hapo hadi 2,000 ni asilimia 5, kupita hapo ni asilimia 10, mbali na nyongeza kwa magari yenye umri mkubwa. Harrier ya dada ina cc 1,986. Zile cc 14 zilizopungua ndizo zilizomwokolea hela, nazo hazikuandikwa popote nje ya gari.

Polisi barabarani, kampuni ya bima na kadi ya gari vinakutana kwenye namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini. Kubadili rangi au injini ni jambo la kwenda TRA kurekebishiwa kadi, kwa kuwa vyote viwili vimo humo. Maandishi ya kwenye buti hayamo.

Pale kubandua kunapokuwa hila

Hadi hapa dada anaelekea kushinda. Lakini kuna logo moja ambayo historia yake inamtia doa kila anayeshika mshipi: D-4.

Mwaka 1996 Mitsubishi walileta Galant yenye injini ya GDI, na kabla mwaka haujaisha Toyota wakatoa D-4. Zote zilifanya jambo moja. Katika injini ya kawaida petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu; katika hizi inapigwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa sana. Mafuta yanatumika kidogo, lakini pampu inataka petroli safi, na valvu za kuingizia hewa hazioshwi tena na petroli, hivyo hujenga masizi.

Magari hayo yalipofika kwetu yalikutana na petroli yetu. Ilikuwa enzi ya uchakachuaji, mafuta ya taa yakichanganywa humo kwa sababu ya bei yake. EWURA, mamlaka ya kudhibiti huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe. Kufikia hapo pampu nyingi zilikuwa zimeshakufa, na sifa ya D-4 pamoja nazo. Kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, mnunuzi akiona D-4 kwenye buti alirudi nyuma. Akiona VVT-i, mfumo wa Toyota wa kupanga muda wa valvu, alisogea.

Unajua kilichofuata. D-4 zikaanza kubanduliwa siku chache kabla ya gari kuuzwa. Wengine hawakuishia hapo, wakapachika VVT-i mahali pake. Haukuwa uongo wote, kwa kuwa injini nyingi za D-4 zilikuwa nazo VVT-i. Ilikuwa nusu ya kweli, ile nusu inayouza.

> Kubandua siku ya kununua ni mapenzi ya mtu. Kubandua siku ya kuuza ni jambo la kuulizwa.

Hii ndiyo tofauti ambayo mabishano ya Tabata hayakuigusa. Bati ni lilelile na drai ni ileile, lakini aliyebandua gari linapofika amejivulia mwenyewe. Aliyebandua linapoondoka amemfumba mwenzake macho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kibaya cha siku hizi kinajitembeza kikiwa kimebanduliwa.

Dawa kwa mnunuzi ni ileile ya muuza vipuri: fungua boneti, soma kibati, linganisha na kadi. Na pitisha kiganja kwenye buti. Kivuli cha herufi kikisema jambo ambalo muuzaji hakulisema, muulize.

Zisizofaa kuguswa

Fundi wa Tabata alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuuficha: ndege wa mbele hamgusi. Nilidhani ni woga wa kuvunja show. Ana sababu.

Katika magari mengi ya miaka ya karibuni, Toyota zikiwemo, nyuma ya logo ya mbele hukaa rada inayopima umbali wa gari lililo mbele ili breki zijishike zenyewe hatari ikitokea. Logo hiyo imetengenezwa kwa plastiki ya kupitisha mawimbi. Ukiing'oa, au ukaweka nyingine ya chuma kwa ajili ya urembo, umelifunga gari macho. Kwenye Volkswagen Golf tangu toleo la tano, logo ya nyuma ndiyo mshikio wa buti. Ukiibandua utafungulia wapi?

Ya pili ni maandishi ya HYBRID. Gari la namna hiyo lina betri kubwa na nyaya za umeme mkali, ambazo viwanda huzipa rangi ya chungwa ili zitambulike. Gari likigongwa na mlango ukahitaji kukatwa, mwokoaji anayejua ni hybrid atakata kwa tahadhari nyingine. Neno hilo si la kumringia jirani. Ni ujumbe kwa mtu atakayekuja siku ambayo mwenye gari hawezi kusema.

Ya tatu ni ya mafuta. D-4 ni petroli, D-4D ni dizeli, na katikati yao kuna herufi moja. Kama unabandua ya nyuma, hakikisha kwenye kifuniko cha tanki pameandikwa wazi kinachoingia humo. Kijana wa kituo cha mafuta hana muda wa kufungua boneti.

Jumamosi ya pili

Nilirudi Tabata na daftari langu. HARRIE ilikuwa imekaa wiki nzima barabarani na, kwa maelezo ya dada, watu waliocheka walikuwa wachache kuliko alivyohofia. Shemeji alikuwa amelainika kidogo. Alichotaka sasa ni hakikisho kwamba siku ya kuuza, gari litarudishiwa jina lake.

Wakapatana. Ndege wa mbele abaki, kwa amri ya fundi. Ya nyuma yote yaondoke, leo, kabla ya kiangazi. Herufi zisitupwe, utepe mpya wa gundi ukinunuliwa zitarudi mahali pake.

Kazi ilichukua muda mfupi kuliko mabishano. H, A, R, R, I na E zikaungana na R mwenzao kwenye bahasha ya kaki, pamoja na duara tatu za 1989. Dada aliandika juu yake tarehe na namba ya gari, akaifungia kwenye droo ya dashibodi chini ya kitabu cha maelekezo cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma. Fundi akapiga polishi. Buti likawa jeusi tupu, likituonyesha sura zetu.

Mchana tulikwenda nalo sokoni, dada akaegesha kwa madaha, akashuka akiwa mtu asiyejulikana anaendesha nini. Hatukufika mbali. Tulikuwa bado tunachagua nyanya tuliposikia mlinzi wa maegesho akipaza sauti juu ya vichwa vya watu.

“Mwenye Anaconda! Mwenye Anaconda nyeusi, sogeza gari!”

Dada alinitazama. Kisha akanyanyua mkono.